Inanga kwa anayeanza: jinsi ya kujifunza ukiwa Nakawa

Kama ulikulia Burundi, Rwanda au Kivu Kusini, huenda uliisikia inanga kabla hujajua jina lake: nyuzi zinavuma kwa sauti ya chini, na mzee mmoja anaimba karibu kama anajisemea. Watoto wetu waliozaliwa Kampala wengi wao hawajaisikia, labda kwenye simu tu. Makala hii ni ya kijana au mtu mzima anayeishi Naguru, Kinawataka, Banda, Mutungo au popote katika Divisheni ya Nakawa, ambaye hajawahi kushika ala yoyote ya muziki na anataka kuanza. Huhitaji kujua kusoma noti. Unahitaji ubao mmoja, uzi mmoja mrefu, simu inayorekodi sauti, na subira ya miezi kadhaa.

Inanga ni ala gani?

Ni kipande cha mti mwepesi kilichochongwa katikati kikawa na umbo la sinia refu lisilo na kina kirefu. Nyingi hufika karibu mita moja kwa urefu. Kwenye ncha zote mbili kuna meno yaliyochongwa, na juu ya uwazi kumevutwa nyuzi, mara nyingi saba au nane, nyingine zaidi. Ukitazama vizuri utaona kwamba hizo nyuzi ni uzi mmoja tu. Unafungwa mwanzo, unavutwa hadi ncha ya pili, unazungushwa kwenye jino, unarudi, unakwenda tena, mpaka nafasi zote zimejaa. Zamani uzi huo ulitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi wanatumia nailoni. Chini ya ubao huwa kuna matundu yaliyokatwa kwa mapambo, nayo husaidia sauti kutoka.

Ndugu za ala hii wako duniani kote. Kanuni ya taarabu ya Zanzibar ni ya ukoo huo, na santuri za Uajemi, na dalsima ya milima ya Appalachia kule Marekani, ambayo mpigaji huilaza mapajani. Jimbo la Kentucky, ambako familia nyingi za Wakongo wamepelekwa kuishi, limeichagua dalsima hiyo kuwa ala yake rasmi. Kwa hiyo kama ndugu yako yuko Lexington au Louisville na anasema huko hakuna kitu kinachofanana na cha nyumbani, mwambie aulize dalsima.

Kwa anayeanza, inanga ina faida moja kubwa kuliko gitaa. Kila uzi una sauti yake moja, basi. Hakuna mahali pa kubonyeza, hakuna vidole vya kushoto vinavyouma wiki tatu za kwanza. Ukigusa uzi wa tatu, unapata sauti ya uzi wa tatu. Kama nyuzi zimelinganishwa vizuri, hata mtoto wa miaka sita atatoa kitu kinachosikika kama muziki siku ya kwanza. Ugumu uko kwingine, na tutaufikia.

Jina moja, ala mbili

Hapa Kampala kuna mtego. Ukimwambia Muganda unatafuta ennanga, atakuelekeza kwenye ala tofauti kabisa: kinubi chenye shingo iliyopinda na nyuzi nane, kilichokuwa kinapigwa mbele ya Kabaka. Mpigaji wake mashuhuri wa mwisho katika kasri alikuwa Temusewo Mukasa, na Albert Ssempeke, aliyefariki 2006, ndiye aliyeibeba kazi hiyo baada yake. Ni ala nzuri, lakini siyo unayoitafuta.

Ubao wenye nyuzi unaoutafuta unajulikana zaidi kwa Wakiga na Wanyankole wa magharibi mwa Uganda, nao wanaita enanga. Wahaya wa mkoa wa Kagera, Tanzania, wana enanga pia, na wanaitumia kuimba tenzi ndefu za mashujaa. Bashi wa upande wa Bukavu wanaita lulanga. Mmarekani Alan Merriam alirekodi muziki wao mwaka 1951 na 1952. Warundi na Wanyarwanda wanasema inanga.

Ninalisema hili kwa sababu ya kazi, si kwa ajili ya historia tu. Mkimbizi wengi hutafuta mwalimu wa kabila lake mwenyewe, akimkosa anakata tamaa. Lakini mzee Mkiga anayeishi Banda, aliyejifunza enanga Kigezi, anaweza kukufundisha jinsi ya kufunga uzi, kukaza na kushika mkono sawasawa na mzee kutoka Gitega. Nyimbo zitakuwa tofauti. Mikono ni ileile. Ukiuliza, usitaje jina peke yake: eleza kwamba ni "ubao wenye uzi unaolazwa mapajani", au onyesha picha.

Kwa nini walimu ni wachache?

Inanga ilikuwa na watu wa kuilisha. Wapigaji bora waliishi karibu na wafalme na watemi, wakaimba sifa zao, vita vyao na ng'ombe wao. Halafu ndani ya miaka michache milango hiyo ilifungwa: ufalme wa Rwanda uliondolewa 1961, wa Burundi 1966, na falme za Uganda zilifutwa 1967. Baada ya hapo inanga ilibaki majumbani, kwa baba anayemfundisha mtoto. Na vita ilipokuja, hakuna aliyekimbia amebeba ubao wa mita moja.

Hata hivyo ilivuka mipaka ndani ya vichwa vya watu. Athanase Sentore, mmoja wa wapigaji na waimbaji wanaoheshimiwa zaidi Rwanda, aliishi miaka mingi Burundi akiwa mkimbizi, akalea huko watoto ambao nao waliimba, kabla ya kurudi kwao. Alifariki 2012. Sophie Nzayisenga alijifunza akiwa mtoto mdogo kutoka kwa baba yake, Thomas Kirusu, naye leo ni mwalimu wa wengine. Wasichana wanaoambiwa kwamba inanga ni ya wanaume wamtafute kwenye YouTube, wamtazame mikono.

Kuipata ala yenyewe

Njia rahisi ni kuazima. Ulizia kwenye kwaya za kanisa lenu, kwenye vikundi vya ngoma vya Warundi na Wanyarwanda, na kwa wazee. Inanga nyingi Kampala zimetundikwa ukutani kama pambo, hazijaguswa miaka, na mwenye nayo anaweza kufurahi kuona mtu anaiuliza.

Ukikosa, itabidi ichongwe. Fundi seremala wa kawaida anaweza kuifanya kama ana mfano mbele yake. Bila mfano atakutengenezea sinia. Mpelekee picha za juu, chini na pembeni, na umwambie mambo matatu. Mti uwe mwepesi na mkavu kabisa, kwa sababu mti mbichi utapasuka ukikauka. Sakafu ya ubao iwe nyembamba, maana ikiwa nene inanga inakuwa bubu. Na meno ya kwenye ncha yawe imara lakini yamesuguliwa laini kwa msasa, kwa kuwa jino lenye makali linakata uzi kama wembe. Kubalianeni bei kabla hajaanza. Kwa mwanafunzi nyuzi saba au nane zinatosha, usidanganywe na inanga kubwa ya nyuzi kumi na mbili.

Uzi usikusumbue. Nakawa inapakana na ziwa, na kule Luzira, karibu na Port Bell, watu wanavua kila siku. Nunua nailoni ya kuvulia, ile nene ya samaki wakubwa, mita za kutosha kwenda na kurudi mara nane na akiba ya kukata tena. Nyembamba sana italia kama mbu.

Jambo moja la nyumbani. Wengi wetu tunaishi kwenye muzigo, chumba kimoja chini ya mabati, na sigiri ndani au mlangoni. Inanga isikae karibu na sigiri, wala ukutani panapopigwa na jua la mchana. Joto na unyevu vikipishana kila siku, ubao unapasuka. Ifunge kwenye kitenge na uiweke mahali pa kivuli. Kuhusu majirani, usiwe na wasiwasi: inanga haipigi kelele. Ni moja ya ala chache unazoweza kuzipiga saa tatu usiku bila mwenye nyumba kugonga mlango.

Kufunga na kulinganisha nyuzi

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanaachia, kwa hiyo soma polepole.

Funga fundo imara kwenye jino la kwanza. Vuta uzi hadi ncha ya pili, uzungushe kwenye jino lake, rudi, na endelea hivyo bila kukata. Usikaze sana bado, ulegee kidogo tu, kisha funga mwisho. Sasa rudi mwanzo. Shika uzi wa kwanza kwa vidole, uvute kwa nguvu kuelekea jino linalofuata, na ule ulegevu uliopatikana usukume upande wa pili wa jino, uingie kwenye uzi wa pili. Msuguano wa jino unashikilia mkazo. Fanya hivyo uzi baada ya uzi, ukielekea mwisho, ambako ulegevu wote utakusanyika, ufungue fundo na ukaze upya.

Kwa kuwa ni uzi mmoja, ukigusa wa nne unaweza kuharibu wa tatu na wa tano. Ni kawaida. Zunguka mara mbili, mara tatu. Nailoni mpya pia inarefuka, hivyo siku nne au tano za kwanza utaikaza kila asubuhi na jioni itakuwa imeshuka. Baada ya hapo inatulia.

Ukaze mpaka sauti gani? Muziki wa inanga kwa kawaida unatumia sauti tano, kisha zinarudiwa juu au chini. Ukiwa na nyuzi nane, tano ni sauti tofauti na tatu zilizobaki ni zilezile katika kimo kingine. Hakuna kimo kimoja cha lazima: inanga inafuata koo la mwimbaji. Anza na uzi wa chini kabisa, uulinganishe na sauti ya chini unayoweza kuimba bila kujikaza, ndipo upande.

Kuna programu za simu za kupima sauti, na ni za bure. Zina msaada, lakini zinapima kwa vipimo vya piano, na nyuzi za mzee wako zinaweza kuwa katikati ya vipimo hivyo, kwa makusudi. Akilinganisha kwa programu, kijana anapata inanga iliyo "sahihi" ambayo mama yake anaisikia kama redio ya jirani. Njia bora ni hii: nenda kwa mtu mwenye inanga iliyolinganishwa, mwombe aguse uzi mmoja mmoja, polepole, nawe urekodi kwa simu. Rekodi hiyo ndiyo kipimo chako. Ihifadhi na jina la mzee na tarehe, na umtumie mtu mwingine nakala, kwa sababu simu zinaibwa.

Mikono

Kaa kwenye kigoda au ukingo wa kitanda. Laza inanga mapajani, upande mmoja mrefu ukigusa tumbo, na uiinamishe kidogo ili uone nyuzi. Mikono yote miwili inafanya kazi, gumba na kidole cha shahada kwanza. Vingine vitajifunza baadaye. Usikwaruze uzi kwa kucha. Uguse kwa nyama ya kidole, uvute kidogo, uuache.

Wiki ya kwanza, mkono wa kushoto peke yake. Chagua nyuzi mbili za chini na uzipige kwa zamu, bila kuharakisha, mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono unaendelea. Usicheke zoezi hili. Wapigaji wa inanga wanajenga wimbo juu ya duara fupi linalorudi na kurudi, na duara likikatika kila unapovuta pumzi, hakuna wimbo. Ukishaweza kusema salamu zote za asubuhi bila mkono kusimama, ongeza mkono wa kulia: uzi mmoja wa juu, mahali palepale pa duara kila mara. Halafu miwili.

Dakika 20 kila siku zinazidi saa tatu za Jumapili. Kwa mtu anayeuza sokoni Nakawa kuanzia alfajiri, dakika hizo zinapatikana usiku, taa ikiwa imezimwa, na giza lina faida yake: vidole vinajifunza kutafuta nyuzi bila macho.

Ugumu wenyewe: lugha

Baada ya mwezi mmoja au miwili mikono itaanza kutii. Hapo utagundua kwamba inanga haipigwi kimya. Inapigwa chini ya maneno.

Warundi wana namna moja ambayo watafiti wametoka mbali kuja kuisikiliza: mwimbaji hanyanyui sauti, ananong'ona tu. Mnong'ono hauna muziki ndani yake, hauwezi kupanda wala kushuka kama wimbo. Lakini nyuzi zinapanda na kushuka pamoja na silabi, na sikio linaunganisha vitu hivyo viwili, hata msikilizaji anaapa kwamba mnong'ono wenyewe unaimba. Mtafiti Cornelia Fales aliandika kuhusu jambo hili mwaka 2002.

Inawezekana kwa sababu Kirundi, kama Kinyarwanda, ni lugha ya toni. Neno "inda" kwa toni moja ni tumbo, kwa nyingine ni chawa. Nyuzi zinafuata toni, kwa hiyo anayepiga lazima ajue neno linapanda wapi na linashuka wapi. Kiswahili chetu hakina toni. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili, Luganda na Kiingereza anaweza kuyakariri maneno ya Kirundi yote sawa na bado nyuzi zake zikasema chawa.

Kwa wazazi, hii ndiyo sababu ya kutoahirisha. Ubao unaweza kuchongwa mwaka wowote, lakini bibi anayejua toni za maneno ya zamani hawezi kuchongwa. Hata kama hakuna mtu nyumbani anayepiga, mkalishe bibi au babu mwenye nyimbo, umwombe aseme maneno kwanza bila kuimba, taratibu, kisha aimbe, na urekodi yote mawili. Maneno yaliyosemwa bila wimbo yana thamani kubwa kuliko mnavyodhani: mwanafunzi wa kesho atayahitaji ili atenganishe toni ya lugha na sauti ya wimbo. Muulize pia neno asilolielewa mjukuu, na urekodi jibu.

Wewe unayeanza, chagua wimbo mmoja tu, mfupi, wa lugha unayoiongea. Wimbo wa kubembeleza mtoto unafaa. Usemee wimbo huo mpaka uchoke kabla hujaugusa kwenye nyuzi.

Nyimbo zipi, mbele ya nani

Tuseme wazi. Nyimbo nyingi za zamani za inanga zinasifu wafalme, vita na koo. Katika ua mmoja wa Kinawataka wanaweza kuishi watu waliokimbia vita vilevile kutoka pande tofauti, na sifa za mmoja ni jeraha la mwingine. Hii si sababu ya kuziacha nyimbo hizo zife. Zijifunze na uzirekodi. Lakini mbele za watu anza na zile za mapenzi, mvua, ng'ombe, watoto na utani. Ukiwa hujui wimbo unamsifu nani, uliza kabla ya kuupiga kwenye harusi.

Jambo la pili ni video. Ukianza kupiga vizuri, watu watakurekodi na kuweka TikTok au Facebook. Kama ulikimbia kwa sababu kuna watu wanaokutafuta, au ndugu zako bado wako nyuma, una haki ya kukataa. Waambie wapige picha mikono na nyuzi tu, wasitaje jina lako wala mtaa unaoishi.

Na malipo? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi, kwa hiyo ukialikwa kupiga kwenye sherehe, kulipwa si kosa. Patana mapema, na uombe sehemu ya pesa kabla, kwa sababu sherehe ikiisha kila mtu ana haraka.

Pa kwenda kusikiliza

Nakawa ina bahati katika hili. Ndere Centre, upande wa Ntinda na Kisaasi, ni nyumba ya Ndere Troupe, kundi lililoanzishwa 1984 na Stephen Rwangyezi, na maonyesho yake ya jioni yana ngoma na ala za pande nyingi za Uganda na majirani zake. Kuna kiingilio, piga simu kwanza kuuliza siku na bei. Baada ya onyesho, wapigaji huwa ni watu wa kuongea nao: kaa, salimia kwa heshima, eleza unachotafuta. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichomo humuhumu kwenye divisheni, kinafundisha muziki, na mwanafunzi wa huko aliyetoka Kabale au Mbarara anaweza kuwa mlango wa kumfikia mzee wa enanga. Nje kidogo ya Nakawa, kwenye barabara ya Kira, Makumbusho ya Uganda yana sehemu ya ala za muziki. Nenda na mtoto, na kama unampeleka fundi seremala, mwonyeshe jinsi ncha zilivyochongwa.

Uzi ukikatika, na utakatika, usiutupe. Kipande kirefu kinatosha kwa nyuzi tatu au nne za kufanyia mazoezi. Kufunga mafundo katikati ya uzi hakusaidii, kwa sababu fundo linakwama kwenye jino na linavuma vibaya. Funga upya kutoka mwanzo kwa uzi mpya, sikiliza ile rekodi ya mzee, na anza kukaza kutoka uzi wa chini.